Visima Visivyo na Maji

"Jina la msimamizi?" kompyuta iliuliza kwa Kiingereza, na kabla sijaandika hata herufi moja, laini ikakatika.

Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo. Simu yetu tulishirikiana na muuza mahindi wa duka la chini, pale Majengo, Dodoma mjini, na kila alipoinua mkonga wa simu kuulizia mzigo wake, intaneti yetu ilikufa. Nilishuka ngazi nikamwomba nusu saa.

"Nusu saa ya nini, dada?"

"Nafungua akaunti."

"Benki kwa simu?"

"Si benki. Ni ya kutunzia karatasi."

Alinitazama kwa huruma. Kisha akaivua kofia yake, akaifunika simu, akarudi kwenye magunia.

Niliporudi juu nilimkuta Mzee Yoramu ameikaribia skrini mpaka pumzi zake zinaacha ukungu kwenye kioo. Yoramu alikuwa fundi wetu wa mtambo wa kuchimba visima, Mgogo wa Buigiri, mtu wa vidole vinene na maswali mengi.

"Hiyo inayokuuliza jina iko wapi?"

"Amerika, mzee."

"Chumba gani?"

Sikujua. Nilimwambia nadhani ni chumba kikubwa, chenye baridi.

"Kina mchwa?"

"Hakina."

Alifikiri kidogo. "Basi andika jina, mwanangu, kabla yule wa mahindi hajaghairi."

Nikaandika: Elieth Chilongani. Nikabuni neno la siri, ambalo sikumwambia mtu. Baada ya dakika kama saba hivi, mashine ambayo sikuwahi kuiona, na ambayo sijaiona mpaka leo, ikaniambia karibu.

Huo ulikuwa mwaka 2003. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha kompyuta cha mwaka mmoja. Kampuni yetu ilikuwa moja ya zile zilizoota katika miaka ya ubinafsishaji, watu waliopunguzwa serikalini walipoanza kujitafutia. Mkurugenzi, Bwana Batholomeo, alikuwa mpima: yeye ndiye aliyetembea na vifaa vyake na kusema chimbeni hapa. Yoramu ndiye aliyechimba. Walipunguzwa mwezi uleule, wakaanza upya pamoja, wakapanga vyumba viwili juu ya mahindi.

Masika ya mwaka huo mchwa walipanda ukutani wakaingia kabati la kumbukumbu kwa nyuma. Siku tulipolifungua, mafaili yalikuwa yamesimama kwa mstari kama kawaida. Nilivuta moja. Nikabaki na jalada mkononi. Ndani mlikuwa na udongo, uliochongwa vizuri kwa umbo la karatasi.

Wiki iliyofuata Batholomeo alirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam na habari kwamba mtu anaweza kukodi nafasi kwenye kompyuta iliyo mbali, akaweka kumbukumbu zake huko, akazifungua akiwa popote. "Shughulikia, Elieth," aliniambia. Nilipouliza usimamizi niuandike kwa jina la nani, alikuwa tayari anatafuta funguo za gari. "Lolote. Hayo ni mambo ya kujaza fomu."

Siku hizi vijana wanaita kitu hicho wingu. Sisi hatukuwa na jina lake. Mimi nilikiona kama nyumba tupu niliyokabidhiwa, na kwa siku kadhaa nilizunguka ndani yake kwa udadisi wa mtoto, nikibonyeza kila kitu nione kinafanya nini. Nilitengeneza folda: Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Dodoma Vijijini. Niligundua kwamba naweza kumruhusu mtu kusoma na nisimruhusu kuandika. Naweza kumfungia nje. Naweza kufuta folda nzima, na mashine ingeniuliza mara moja tu kama nina hakika.

Kilichobaki kilikuwa kumbukumbu zenyewe, nazo ziliokolewa na Yoramu. Tangu alipokuwa serikalini alikuwa akiandika kila kisima katika madaftari ya shule na kuyahifadhi nyumbani, kwenye sanduku la bati. Aliyaleta kwa baiskeli, akakaa kando yangu, akaanza kunisomea: kijiji, tarehe, mita, aina ya mwamba, maji. Au kikavu.

"Hivyo vikavu acha," Batholomeo alisema akipita. "Andika vyenye maji tu."

"Kwa nini, bosi?"

"Nani anatafuta mahali pasipo na maji?"

Kila mtu ofisini alicheka, na mimi nikacheka. Kwa wiki mbili Yoramu alisoma "kikavu" na mimi nikaruka mstari. Lakini nilianza kuhesabu moyoni. Daftari moja lilikuwa na visima kumi na tisa. Saba vilikuwa vikavu. Nilimuuliza Yoramu kama hilo ni jambo la kawaida.

"Mwamba wa huku ni mgumu, mwanangu," alisema. "Unachimba unasikiliza. Mara nyingine haukuambii kitu."

Kisha akaja Mama Batuli.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji kimoja huko Busi, Kondoa. Alikuwa ameshuka kwenye basi na vumbi la safari nzima juu ya ushungi wake. Tulikuwa tumekubali kuwachimbia kisima mwezi uliokuwa unakuja, na alikuja kutueleza kwamba wao wako tayari. Wanakijiji walikuwa wamefyeka njia ya mtambo kilomita nne, kwa majembe na mapanga, na wanawake walikuwa wameponda kokoto miezi miwili. Alinionyesha viganja vyake bila kulalamika, kama mtu anayeonyesha risiti.

"Ila kuna mzee kwetu anasema waliwahi kuja watu zamani, wakachimba, wakaondoka," alisema. "Wengine wanasema ni uzushi. Nikasema niulize. Ninyi si mna mashine?"

Nilifungua folda ya Kondoa. Busi haikuwamo.

"Hakuna kitu, mama," nilimwambia.

Alishukuru, akanyanyuka. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, na utulivu ule ndio ulionitia hofu. Nilikuwa nimemjibu kwa jina la mashine, na mashine ilijua kile tu nilichochagua kuiambia.

"Subiri kidogo, mama. Keti."

Yoramu alikuwa amekwisha kushika daftari. Aliupata ukurasa wa katikati, Septemba 1988. Akasoma polepole, kidole kwenye mstari: Busi, bondeni, hatua mia mbili kutoka shuleni. Mita tisini. Mwamba mtupu. Kikavu. Mama Batuli alitaja mahali ambapo kamati yake ilikuwa imepachagua, kabla bosi hajaenda kupima. Palikuwa palepale. Chini ya mstari, kwa mwandiko mwingine, mzuri, wa mtu aliyesoma, palikuwa na sahihi ya mpima aliyechagua mahali hapo. Yoramu aliifunika kwa kidole gumba. Alichelewa kidogo, nilikuwa nimeshaiona.

Siku hiyo, Mama Batuli akiwa bado anakunywa chai, nilitengeneza folda mpya. Niliipa jina la Visivyo na Maji, nikaandika Busi kuwa ya kwanza. Halafu nikaenda kugonga mlango wa mkurugenzi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilidhani atasema mambo ya wafadhili na sifa ya kampuni, na nilikuwa na majibu. Lakini Batholomeo alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, akasoma ule mstari mmoja kwenye skrini.

"Unaweza kuufuta?" aliuliza.

"Naweza."

"Nani mwingine anaweza?"

"Hakuna, bosi. Msimamizi ni mimi."

Chini muuza mahindi alikuwa anabishana na mteja. Nilisubiri aniagize, na sikujua kama ningekataa. Nilikuwa naipenda kazi ile.

"Walituchinjia mbuzi wawili," Batholomeo alisema. Sauti yake haikuelekezwa kwangu. "Kabla hatujaanza kuchimba. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nikawaambia maji yapo. Nilikula nyama yao. Siku ya sita nikapanda gari bila kuaga mtu."

Mama Batuli aliweka kikombe chini. "Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama."

Kisha Batholomeo akainama, akaigusa skrini kwa kalamu.

"Hapo umekosea," aliniambia. "Si tisini. Ni tisini na nne. Yoramu alikuwa na homa siku ya mwisho, niliendelea mwenyewe."

Nikarekebisha.

Batholomeo alikwenda Busi kabla ya mtambo, wiki nzima, akapima upya bonde lote kwa miguu. Nilisikia baadaye kwamba siku ya kwanza hakuna aliyemkaribisha chai, na kwamba siku ya nne yule mzee aliyekuwa akikumbuka alimfuata shambani akambebea waya za kupimia. Walichimba ng'ambo ya korongo, mbali na shule kuliko watu walivyotaka. Mama Batuli alipiga simu kwenye duka la mahindi. Nikashuka mbio kuipokea. Maji yalikuwa mita sitini na moja. Si mengi, alisema, na yana chumvi kidogo, lakini yanapikia.

Nilimaliza madaftari yote kabla ya Krismasi. Folda ya vikavu ilikuwa na visima mia moja na thelathini na viwili, na barua za kuuliza zilipoanza kuja, kutoka Singida, kutoka kwa wachimbaji tusiowafahamu, nyingi ziliulizia folda hiyo kwanza.

Yapo mambo ambayo hata Yoramu hakuyaandika. Januari, Ijumaa moja, Batholomeo alipita mezani kwangu akaacha karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ndani mlikuwa na jina la kijiji, mwaka, mita, na neno moja: kikavu. Nikaandika. Ijumaa iliyofuata akaleta nyingine.