Fulana ya Jirani

Mshono ulikataa kufumuka. Fundi aliupitishia wembe mara ya tatu, fulana ikiwa imebanwa katikati ya magoti yake, na uzi ukakatika nusu tu. Aliyeushona alikuwa ameurudia mara mbili, kisha mara mbili tena. Alimjua. Kota nzima hakukuwa na mwenye mkono wa kukaza namna ile ila Mama Pacha wa mlango wa pili.

Kota zile za jeshi zilikuwa na mwiko wake. Fulana za kuzuia risasi zilishonwa na wake wa askari wenyewe, katika chumba kilicho nyuma ya ghala, lakini hakuna aliyemshonea mumewe. Ya mumeo hushona jirani, na ya mume wa jirani unashona wewe. Ukimshonea wako, walisema, unampimia sanda. Basi kila mke alikuwa amemshika mume wa mwenzake mikononi, na kwapani mwa kila fulana akaacha fundo la uzi mwekundu, maana yake: shemeji, urudi. Uzi huo waliununua wenyewe, kwa kuchanga.

Fundo hilo ndilo lililomponza Bwana Stoo, mkuu wa ghala. Vitu vya marehemu mume wa Fundi vilipofungwa huko mpakani, karani aliliona, akadhani fulana ni mali ya mtu binafsi, akaitia sandukuni pamoja na kandambili, redio na shati la harusi. Kwa kawaida fulana za waliokufa hazirudi majumbani. Hakuna mjane aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mshono ukaachia. Ndani mlikuwa na kifuko cheusi, kimezibwa pande zote. Vifuko hivyo vilitoka ghalani hivyo hivyo, kazi ya wanawake ikawa kuvitia na kushona juu yake, na amri ilikuwa kwamba bamba la chuma lililomo ndani lisitoleke kabisa, maana askari ni wavivu, watalichomoa wakwepe uzito. Fundi alikikata kifuko. Chuma hakikuwamo. Mlikuwa na kigae cha sakafu, cheupe, chenye jani la buluu pembeni, kimevunjika vipande vitatu. Alipoviunganisha mezani, katikati palibaki tundu ambalo kidole chake kiliingia bila taabu.

Hakulia. Machozi aliyamaliza wiki ya kwanza. Kilichompanda sasa ni hasira, na hasira ile ilimkaa sawasawa, kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Pacha na sufuria ya chakula, maana siku ile zamu ya kumpikia mfiwa ilikuwa yake. Wiki tatu sasa sufuria zilizunguka mlango kwa mlango, na Fundi hakuwa amewasha jiko hata mara moja.

"Shoga, unafumua nini na macho hayo ya kukesha?"

"Weka chini hiyo sufuria kwanza."

Mama Pacha akaweka, akainama mezani. Alitazama vile vipande muda mrefu, akagusa lile jani.

"Hiki si kigae cha sakafuni?"

"Ndicho."

"Nilishona mimi," alisema. "Nilikaza mara nne. Nilisema moyoni, huyu shemeji yangu risasi itampita mbali."

"Ulishona vizuri. Mshono haukuachia. Mpaka leo haukutaka kuachia."

Mama Pacha akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Na ya mume wangu umeshona wewe."

"Nimeshona mimi."

Hawakuhitaji kuambizana lililobaki. Ijumaa ilikuwa Siku ya Familia za Wanajeshi, siku ya kuwaenzi wake na watoto kwa kujitolea kwao, na sherehe ikishakwisha, wanaume mia mbili wangepanda malori kwenda mpakani. Baba Pacha alikuwamo, safu ya kwanza. Siku tatu zimebaki.

"Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako," Mama Pacha akanong'ona. "Mwambie Kamanda. Labda hajui."

Fundi alikwenda kesho yake. Wala hakujipeleka, aliitwa. Kamanda alimpokea barazani kwake, kwenye viti vya kamba, huku Bwana Stoo amesimama nyuma na jalada kwapani. Chai ililetwa. Fundi hakuigusa. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Kamanda alidhani ni adabu ya mjane. Kumbe anatazama sakafu. Vigae vyeupe, jani la buluu pembeni, kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi. Alizivua ndara zake taratibu, akajitazama vidole vya miguu juu ya lile jani.

"Mama, pole tena," Kamanda alisema. "Barua ya nyumba umeipata?"

"Nimeipata, afande. Nihame ndani ya siku kumi na nne."

"Barua ni karatasi tu. Karatasi huandikwa nyingine." Akamsogezea ukurasa uliopigwa chapa. "Ijumaa utasoma hii mbele ya wageni. Fupi tu. Ukisoma vizuri, utakaa pale mpaka watoto wamalize shule."

Ilisema: Sisi familia tumetoa kwa moyo mmoja, tunajivunia, wala hatudai kitu.

"Sakafu yako nzuri, afande."

"Eh, hivi vilitoka mbali. Vilibaki maboksi kwa maboksi..."

Bwana Stoo akakohoa. Kamanda akanyamaza, akamtazama yule mwanamke kwa mara ya kwanza toka aketi, akaitazama miguu yake mitupu.

"Kuna fulana iliingia sandukuni kwa bahati mbaya," alisema, na sauti yake haikuwa na pole tena. "Ni mali ya jeshi. Itarudi."

"Na hao wa Ijumaa, afande, wanavaa za namna hiyo hiyo?"

"Hiyo ni siri ya jeshi. Mama, una watoto. Majirani zako wana waume chini ya amri yangu. Anayepelekwa mbele na anayebaki jikoni, kalamu ninayo mimi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Nitakurudishia mwenyewe, mkononi."

Njia nzima alitembea akiwa ameshika ndara mkononi. Huyo anajua, alijisemea. Anajua, anakunywa chai juu yake. Alitaka kumwona akiogopa. Nyumba waichukue. Ilikuwa haki yake kumwona mtu yule akiogopa hata mara moja, kwa muda wa kufumba na kufumbua, jinsi mumewe alivyoogopa.

Chumbani kwa ushonaji wanawake walimsikiliza mashine zikiwa zimezimwa. Mmoja alisema wakimbie kwa waandishi wa habari. Mwingine akamjibu kwamba mume atakayekataa kupanda lori ataozea jela ya jeshi, na mwandishi hatampelekea sabuni. Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho walikubaliana jambo moja tu: kila mke amwambie mumewe, kitandani, asubuhi, popote, lakini ajue amebeba nini kifuani.

Ijumaa jua lilikuwa kali. Wageni walikaa chini ya turubai, viti vyekundu, maji ya chupa. Mia mbili walisimama juani na mizigo, bunduki na fulana, na nyuma yao malori yakiunguruma. Kamanda alihutubia kwa nusu saa. Alisema jeshi ni familia moja na mwanamke ndiye ngao ya askari. Watu wakapiga makofi. Kisha mjane akaitwa.

Fundi alipanda jukwaani na mkoba wake. Aliifungua ile karatasi, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti safi, "Sisi familia tumetoa kwa moyo mmoja," akaikunja.

"Kabla sijaendelea, afande aliniagiza nirudishe mali ya jeshi." Akatoa fulana. Damu ilikuwa imekauka, nyeusi, kuzunguka tundu la risasi. Alikuwa amekirudisha kigae ndani na kushona upya, mara nne. "Ni hii. Nimeahidi kukukabidhi mkononi. Ivae."

"Mama, kaa chini."

"Kwani ina nini? Mume wangu aliivaa miezi saba. Hawa wamezivaa wamesimama juani. Wewe ivae dakika moja, uwageukie hapo hapo, na bunduki zao mkononi."

Akamsogezea kifuani. Kamanda akarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa hatua moja tu, lakini uwanja mzima uliiona. Fundi aliila kwa macho. Akaiweka fulana juu ya kiti chekundu cha Kamanda, tundu likitazama watu, akashuka.

Katika safu ya kwanza Baba Pacha alikunja ngumi, akajigonga kifuani mara mbili. Ko, ko. Haikulia chuma, ililia sahani. Wa pili yake akajigonga. Wa tatu. Mlio ukasambaa safu kwa safu, na wanawake wakasimama kwenye mabenchi yao, mikono kiunoni.

"Bendi!" Kamanda akapaza sauti. Tarumbeta zikalia. Ikafuata amri ya kupanda malori.

Nao wakapanda. Mmoja mmoja, mia mbili wote, Baba Pacha akiwa wa kwanza. Hakumtazama mkewe.

Polisi wawili wa jeshi walimsimamisha Fundi nyuma ya turubai. Bwana Stoo akafungua daftari juu ya goti.

"Fulana moja, imefumuliwa na raia. Uharibifu wa mali ya jeshi. Bamba la chuma moja, limepotea. Weka sahihi hapa."

"Bamba halikuwepo. Andika kigae."

"Kigae hakimo kwenye orodha." Akamnyooshea kalamu. "Na usijali kazi. Kazi yako chumbani nimemwongezea Mama Pacha. Jumatatu kuna vifuko vingine mia."

Fundi hakuipokea kalamu. Alitazama juu ya bega la Bwana Stoo. Jukwaani hotuba zilikuwa zikiendelea, wageni wote wameketi, na Kamanda peke yake amesimama jasho likimtiririka, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekaliwa na hakuna aliyetaka kuishika ile fulana. Malori yalikuwa yakitoka getini. Bendi ilipopumua, alizisikia zile ngumi bado zinagonga.