Gari la Wagonjwa la Magurudumu Matatu

"Kuna fundi kule mlimani anabeba wagonjwa kwa pikipiki ya magurudumu matatu," mkurugenzi wa manispaa alimwambia mwanasheria wake. "Nenda ukamsimamishe kabla hajaua mtu."

"Mzee, huyo ni Cheche. Amemuoa dada yangu."

"Afadhali. Wewe hatakufukuza."

Mwanasheria alikuwa mwanamke wa kupenda kujua. Akiona kitu kigeni, mikono humuwasha mpaka akiguse. Njiani alijikumbusha sheria ndogo za manispaa: gari la wagonjwa liwe na magurudumu manne au zaidi, na mhudumu aweze kukifikia kichwa cha mgonjwa wakati wote. Hapakuwa na la kujadili. Ila swali moja lilishamng'ang'ania kama kupe. Kwa nini manne? Nani aliketi akaamua?

Alimkuta Cheche karakanani, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Karibu shemeji! Umekuja kunifunga au kunywa chai?"

"Itategemea. Nionyeshe kwanza."

Cheche alikuwa amekata pikipiki kwa nyuma, akaunga fremu ya mabomba, kitanda, paa la turubai, na kiti kidogo cha mhudumu mwisho kabisa. Gari la manispaa huishia chini kwenye lami. Vichochoro vya mlimani havilipitishi, na wagonjwa walikuwa wakishushwa mgongoni, au juu ya mlango uliong'olewa.

Mwanasheria akavua viatu, akajilaza kitandani. "Nipandishe mpaka juu, kisha unishushe."

"Shemeji, una wazimu? Dada yako akisikia?"

"Washa, bwana."

Muuguzi wa zahanati ya jirani, ambaye ndiye aliyemwomba Cheche akitengeneze chombo hicho, akakaa kwenye kiti cha mhudumu. Kupanda kulikuwa raha tupu. Kushuka ndiko kulikomtoa jasho mwanasheria. Kichwa chake kilikuwa upande wa dereva, basi mteremko ulipoanza kikawa chini, miguu juu. Damu ikamjaa usoni, masikio yakavuma. Muuguzi hakuwa na cha kushika ila vidole vyake vya miguu.

"Ungetapika pale," muuguzi alimwambia waliposimama, "ungepaliwa huku nakutazama tu."

Mwanasheria aliegemea ukuta, dunia ikimzunguka, akaanza kucheka. "Cheche, aliyeandika ile habari ya mhudumu na kichwa simjui, lakini aliwahi kumbeba mgonjwa."

"Na yule wa magurudumu manne?"

"Huyo sina hakika."

Cheche alinuna. Kugeuza kitanda ni kukata fremu upya. Alikata huku akinung'unika, sheria, sheria, mpaka mkewe akamhamishia chakula karakanani. Lakini kitanda kilipogeuzwa, mhudumu alikaa kichwani kwa mgonjwa, na kwenye mteremko kichwa kikabaki juu. Cheche alizunguka chombo chake mara kadhaa, asiamini kwamba hakuliwaza hilo mwenyewe.

Mwanasheria naye alikuwa amepekua sheria akapata kifungu kinachomruhusu mkurugenzi kukubali majaribio.

"Nilikutuma ukasimamishe," mkurugenzi alisema.

"Nimesimamisha, mzee. Sasa naomba kianze tena, kwa masharti: mikanda, mhudumu aliyefunzwa, na breki zipimwe kulekule mlimani."

Mkurugenzi akayasoma masharti, kisha akatia sahihi.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi mwenye pumu. Alimgombeza dereva njia nzima kwa mwendo wake, akafika zahanati anapumua na bado anagomba. Wengine wakafuata, na majaribio yalipokwisha mwanasheria alipeleka sheria mpya kwenye baraza. Haikuhesabu magurudumu. Ilieleza chombo kinapaswa kuweza kufanya nini.

Diwani mmoja akasimama. "Kesho mtu ataleta cha gurudumu moja. Mtakubali?"

"Nitalala ndani yake kwanza, mheshimiwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Diwani hakucheka, alitaka chombo kikaguliwe kila mwaka, breki zifunguliwe zionekane. Baraza likapitisha na hilo pia.

Cheche, aliyekaa viti vya nyuma, alikunja uso. Kisha akamwinamia shemeji yake. "Hizo breki zangu kuzifungua ni kazi ya siku nzima. Hivi, nikizitengenezea kifuniko cha bawaba?"

"Hata mimi nilikuwa najiuliza," alisema mwanasheria, akasogeza kiti karibu. "Hebu nichoree."