Magoti ya Bi Tunu na Maandazi ya Wifi

Bi Tunu wa Temeke alikuwa na magoti yenye kiburi. Yakigoma kukunjuka, hata kuku aliyeingia jikoni hakuweza kumfukuza, alimtukana tu kutoka mkekani. Mafuta ya nyonyo alipaka, kombe la shehe, aya zilizooshwa kwa maji, alikunywa, na kwenye lelemama, ngoma ya wanawake, akawa mtazamaji, yeye ambaye zamani akishika pembe na kuigonga kwa kijiti watu walisahau wali motoni.

Kisha vita vya Hitla vikauadimisha unga wa ngano. Wifi yake, Bi Tabu, dada wa marehemu mumewe, alikuwa akimletea maandazi ya moto kila asubuhi. Mwanamke huyo alijua kupika kila kitu na hakujua kucheza hata hatua moja. Unga ulipokosekana akageukia mihogo na vitumbua vya mchele. Watu walinung'unika, na Bi Tunu pia, ila magoti yake yalikuwa na maoni mengine. Uvimbe ulinywea. Siku moja akajikuta amechutama anapepeta mchele, akainuka bila kushika ukuta. Alilia kwa furaha, kisha akachutama tena ili ahakikishe.

Vita viliisha, unga ukarudi, na Bi Tabu akaingia na kapu la maandazi huku akipiga vigelegele. Juma halijaisha, magoti yakawa kama maboga. Bi Tunu akayaacha maandazi, akapona. Uroho ukamshinda, akaonja tena, akavimba tena. Hapo akajua. Na kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kuwa na kitasa, akalisema mbele ya wanawake wote wa chama chao cha lelemama, wakiwa mazoezini.

"Wifi, mie maandazi yako basi tena. Nikiyala tu, magoti yananivimba."

Wote wakageuka kumtazama Bi Tabu. Temeke nzima inajua maana ya kumwambia mtu kwamba chakula cha mkono wake kinakudhuru. Neno uchawi halina haja ya kutajwa. Mmoja akanong'ona makusudi asikike, "Kikulacho ki nguoni mwako." Bi Tabu alichukua kapu lake, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata haikusikika hodi. Bi Tunu akaenda mwenyewe kubisha, akajibiwa kupitia dirisha lililofungwa.

"Nenda zako, wifi, usije ukavimba bure."

Iliuma kuliko magoti. Ngoma ya kushindana na wanawake wa Buguruni ilikuwa karibu, naye alishapewa nafasi mstari wa mbele. Aliitaka ngoma ile, jamani, aliitaka mno. Lakini Tabu ndiye aliyemwosha miguu miaka yote ile, na sasa watu walikuwa wakimkwepa njiani.

Keshokutwa ikiwa ngoma, Bi Tunu alinunua boflo zima la ngano dukani kwa Fatmabai, akaenda kuketi barazani kwa wanachama.

"Mkate huu mkono wa wifi yangu umeugusa?"

"Haukuugusa."

"Haya, nitazameni."

Akaula mpaka ganda.

Siku ya ngoma aliletwa uwanjani amebebwa juu ya kiti, magoti yamejaa. Yule wa methali hakuwa na pa kuweka macho. Bi Tabu akaupasua umati, kapu mkononi, anafoka.

"Mwanamke mpumbavu wewe! Si ungengoja ngoma ipite ndiyo ule?"

"Ningecheza vipi, wifi, na wewe umejifungia ndani?"

Bi Tabu akaweka kapu chini. Akachutama, akamkanda magoti kwa mafuta, akafunua kapu: vitumbua vya mchele, bado vya moto. Kisha akamshikisha pembe.

"Piga umekaa. Mie nitakuchezea."

Akaenda kusimama mstari wa mbele, mahali pa Bi Tunu. Wenzake wakienda kulia, yeye kushoto. Wakiinama, yeye kainuka, tena kwa madaha. Buguruni walicheka mpaka wakashikana.

Temeke walishindwa vibaya siku ile. Bi Tunu alipiga pembe mpaka mkono ukafa ganzi, machozi yakimchuruzika, na hakuna ngoma aliyopata kuipenda kama ile.