Waya Uliopita Darini

Kwa miaka mitatu sikusema na baba yangu, ingawa tulitenganishwa na ukuta mmoja tu wa matofali. Alipoigawa nyumba, alimpa mdogo wangu vyumba vinne na mimi viwili, akabaki kuishi upande wa mdogo wangu, wala hakunieleza sababu. Nilifunga dishi upande wangu, nikaweka king'amuzi sebuleni, nikapitisha waya darini hadi televisheni ya chumbani, nikafunga na mdomo.

Jioni moja, wakati wa taarifa ya habari, nilimsikia msomaji akisoma pande zote mbili za ukuta. Nilipobadili chaneli, na kule ikabadilika. Nikamwita fundi wa dishi. Alipanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani.

"Mzee, waya wako wa chumbani umekatwa, ukatiwa kigawanyo. Tawi moja linaingia kwa jirani."

"Si jirani. Ni ndugu yangu."

"Basi ndugu yako anatazama unachotazama wewe. Rimoti unayo wewe, yeye ni abiria tu. Nikate?"

"Acha."

Katika shule ya bweni tulifundishwa kwamba achukuaye bila kuomba ni mwizi, awe nani. Nilisubiri Jumamosi ya fainali. Ilipofika dakika ya themanini, timu zikiwa sare, niliweka chaneli ya mafunzo ya ushonaji. Mwalimu alikuwa akieleza namna ya kupachika ukosi wa shati.

Hazikupita dakika mbili, mdogo wangu akabisha hodi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umependa ukosi?"

"Rudisha mpira, kaka."

"Mpira gani? Kwako hakuna king'amuzi."

"Kipo, chini ya kitanda, ndani ya boksi lake. Baba amekikataa. Ni yeye aliyemwita fundi mwaka jana, ulipokuwa safarini. Alisema anataka kuona unachoona wewe."

Nilimtazama usoni. Hakuwa akidanganya, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Basi aje aombe mwenyewe."

"Unajua miguu yake haimbebi."

"Mdomo je?"

Aliondoka bila kuaga. Nilibaki na ukosi wangu. Punde fimbo ikagonga ukuta, mara moja.

"Wewe. Weka mpira."

Sauti ilikuwa ileile ya kuamuru, haina hata chembe ya ombi.

"Kwanza niambie kwa nini vyumba viwili," niliujibu ukuta.

Mwalimu alimaliza upande mmoja wa ukosi.

"Kwa sababu mwenzako asingeweza kujijengea. Wewe ungeweza, ila umekaa hapo unanuna. Weka mpira."

Nikabonyeza rimoti. Wachezaji walikuwa wamelaliana kwa furaha pembeni mwa uwanja. Bao lilikwisha kufungwa.

"Umenikosesha bao," alisema baba.

"Nawe umeniibia waya," nikamjibu.

Lakini rimoti sikuigusa tena hadi filimbi ya mwisho.