Mikono ya Modesta

Jumapili baada ya ibada, Bibi Tereza alimkalisha mjukuu wake Rebeka kwenye kigoda, uani kwake Sengerema. Akamfumua nywele, akaweka kitana na mafuta juu ya ndoo iliyofunikwa. Baadaye kidogo mikono ya Modesta, mama yake Rebeka, ikafika kutoka gerezani Mwanza. Ilikuwa imepita chini chini juu ya maji ya ziwa kama ndege mnandi. Ikanawa kwenye beseni, ikaanza kumsuka twende kilioni.

"Mama, unavuta!" Rebeka alilalamika.

"Unamwambia nani?" bibi alisema. "Masikio kayaacha huko. Mgonge kiganja."

Felicitas alikuwa mkekani na kamera yake. Alitoka Bukoba, na nyumba moja ya wasanii pale Mwanza ilikuwa imempa chumba na chakula ili afanye utafiti wa filamu kuhusu magereza ya wanawake. Gerezani kamera hairuhusiwi. Askari wa zamu alimweleza vizuri tu getini: "Dada, mikono ikitoka, sisi haituhusu. Jioni tunahesabu vichwa." Ndiyo maana akavuka daraja la Busisi, akaja huku.

Modesta alikuwa mahabusu tangu Rebeka anatambaa. Tajiri aliyemfanyia kazi za ndani alisema ameibiwa, na Modesta hakupata wa kumdhamini. Kila kesi ikitajwa, upelelezi haujakamilika.

Januari Rebeka alitakiwa kuanza darasa la kwanza, na shuleni kwao watoto wote hunyolewa. Bibi akaenda kumwona Mwalimu Machibya, Felicitas akamsindikiza.

"Shikamoo, mama," mwalimu alisema. "Mikono ya Modesta naijua. Mke wangu anasema inasuka kuliko saluni. Ila nikimwacha huyu na nywele, kesho wataniletea na mikono ya mashangazi."

"Sasa ikija itafanya nini, baba?"

Mwalimu akafungua daftari, akaandika jina la Rebeka.

Rebeka akanyolewa. Jumapili mikono ilifika, ikapapasa kichwa kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ikakiacha. Ikampapasa mtoto wa jirani. Ikaingia jikoni, ikapapasa hadi nyuma ya mlango. Ilikuwa inamtafuta mwanawe.

"Mama, ni mimi!" Rebeka aliifuata huku analia. Akaigonga kiganja. Mikono ikampigapiga mgongoni, vile mtu anavyombembeleza mtoto wa mwenzake, ikaendelea kutafuta. Bibi Tereza alikaa chini. Felicitas akazima kamera.

Rebeka akakamata kidole kimoja, akakiuma taratibu kwa meno ya pembeni, maana ya mbele yalikuwa yameng'oka.

"Ndivyo alivyokuwa anamfanya mama yake wakati anaota meno," bibi alimwambia Felicitas.

Mikono ikatulia. Kisha ikakifunika kile kichwa kilichonyolewa, yote miwili, na haikusogea tena mpaka jua lilipoanza kushuka, ikarudi Mwanza.

Wiki hiyo kesi ikatajwa. Upelelezi ulikuwa haujakamilika, ikaahirishwa.

Jumapili mikono ilikuja. Ikaushika mkono wa Rebeka uliokuwa na penseli, wakaanza na herufi a.