Hema la Mtoto wa Pili

Gakenia hakuwa mtu wa kuamini jambo asilolipima. Kazi yake ilikuwa kupima maji katika maabara moja mjini Kisumu, na alipokubali kuwapeleka watoto wakalale kwenye hema kwa mara ya kwanza, aliishika safari hiyo kama anavyoshika sampuli. Mumewe, Zadock, alitaka walale ufuoni Asembo Bay, mchangani kabisa. Gakenia alimuuliza maswali mawili tu: kiboko hutoka majini saa ngapi kwenda malishoni, na mtoto wa miaka minne hukimbia kwa kasi gani? Zadock akafikiri kidogo, kisha akasema basi walale ndani ya boma la mama yake, mbali na maji, penye ua na lango.

Wiki nzima nyumba yao ya kupanga pale Kondele ilijaa maandalizi. Chandarua kilikaguliwa matundu. Tochi za kichwani zilijaribiwa chini ya meza. James, kitinda mimba, aliingia ndani ya mfuko wa hema akalala humo, wakamtafuta hadi bafuni. Dada yake Ivy, wa miaka sita, alikuwa na shida kubwa zaidi. Alikuwa amemtangazia Sheryl wa ghorofa ya chini kwamba wanakwenda kulala nje, na Sheryl akamjibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye mwanasesere wake: "Hamtalala. Nyinyi huwa mnarudi jioni."

Maneno hayo yalimchoma Ivy kwa sababu yalikuwa kweli. Kila walipokwenda Asembo walirudi jua halijatua.

Jumamosi mchana walifika. Zadock akachagua mahali katikati ya ua, akalikunjua hema, akaanza kugonga vigingi. Nguzo zilikuwa zimeshasimama pale mama yake, Jacinta, alipotoka jikoni na mwiko mkononi.

"Zadock, unajenga?"

"Ni hema, Mama. Watoto wanataka kulala nje."

"Nani na nani watalala?"

"Sisi wote. Mimi, Mama Ivy na watoto."

"Wewe na mke wako," Jacinta alisema polepole, "ndani ya boma la baba yako. Na kaka yako Oyugi bado hajajenga."

Zadock akaiweka nyundo chini kama mwanafunzi aliyekutwa na simu darasani.

Gakenia alizaliwa Kondele, dukani kwa wazazi wake waliotoka Nyeri, na Kijaluo chake cha sokoni kilitosha kumshusha bei muuza samaki yeyote. Lakini sheria za boma haziuzwi sokoni. Ilibidi aelezwe. Mdogo hajengi katika boma la baba kabla ya mkubwa kujenga. Oyugi ndiye mkubwa. Alikuwa na miaka arobaini na moja, hana mke, na alikuwa fundi wa kuchomelea milango na malango huko Otonglo. Nusu ya nyumba za huko zilifungwa kwa milango yake, naye mwenyewe alikuwa mpangaji. Tena, mwana aliyeoa halali chini ya paa la mama yake. Kwa hiyo Zadock hakuwa na pa kulala kwao, na mkewe vilevile.

Gakenia akamgeukia mumewe. Tangu waoane alikuwa akimwambia wanarudi mapema kwa ajili ya kazi ya kesho, hata siku ambazo kesho yake ilikuwa sikukuu.

"Ulijua?"

"Nilijua kuhusu nyumba," Zadock alisema. "Sikujua kuhusu nailoni."

Nyuma yao Ivy alikuwa amesikia kila kitu. Hakulia. Alichukua blanketi lake akaanza kulikunja, pembe juu ya pembe, taratibu, kama mama yake anavyokunja nguo akikasirika. "Sheryl alisema," aliliambia blanketi.

Gakenia akamgeukia Jacinta. "Mama, naomba kuelewa. Nyumba ni nini? Si lazima iwe na msingi?"

"Nyumba yangu ya kwanza haikuwa na msingi, na nilimzaa Oyugi humo."

"Na mlango?"

Jacinta akainama, akavuta zipu ya hema juu, akaivuta chini. "Hii ni nini?"

"Kuta ni kitambaa."

"Nyar Okuyu," Jacinta alisema, na alipomwita hivyo, binti wa Wakikuyu, haikuwa kwa ubaya, "nyumba ni pale mwanamume analala usiku, asubuhi anatoka akinyoosha mgongo. Hayo mengine ni mapambo."

Gakenia hakubisha. Kipimo kilikuwa kimetolewa, tena kilikuwa wazi kuliko vingi alivyokutana navyo kazini. Kwa kipimo hicho hema lilikuwa nyumba. Akatazama ua, upande mmoja hadi mwingine.

"Basi Oyugi akijenga saa tisa, sisi tunaweza kujenga saa kumi?"

"Ajenge nini saa tisa?"

"Umesema mengine ni mapambo."

Jacinta akaushusha mwiko. "Lete simu," alisema.

Oyugi aliambiwa aje na vyuma na turubai, na asiulize swali. Alifika kwa pikipiki, vyuma vimefungwa ubavuni, uso umemparama.

"Shemeji, ni nani amekufa?"

Alipoelezwa alicheka sana, mpaka akaona kwamba anacheka peke yake.

"Mama, mimi naishi Otonglo."

"Leo unaishi hapa."

"Nitalala kwa turubai?"

"Nyumba ni pale mtu analala," Gakenia alisema. "Kipimo si changu."

Jacinta akamwonyesha mahali pa mwana wa kwanza, upande wa kulia wa lango. Oyugi alianza kwa kunung'unika, lakini fundi hawezi kuacha kitu kikiyumba. Akachimbia vyuma, akakaza turubai likalia kama ngoma, kisha akaokota kipande cha bati nyuma ya banda la kuku akakifanya mlango unaofunguka na kufungwa. James alikuwa akimpitishia waya.

"Baba mkubwa, bibi yako atalala upande gani?"

"Hata mimi nilikuwa karibu kuuliza," Jacinta alisema.

Oyugi akajifanya anatafuta koleo.

Ndipo hema likang'olewa pale katikati, likahamishiwa kushoto kwa lango. Jacinta alipaonyesha kwa mwiko. Gakenia akakagua mteremko wa ardhi. Mvua ikinyesha, maji yangepita pembeni. Alitafuta kasoro asiione, akampa Zadock nyundo.

Jioni, baada ya kula, Ivy alimvuta nyanya yake mkono hadi kwenye zipu. "Dani, lala na sisi. Nafasi iko."

"Mimi silali katika nyumba ya mtoto wangu."

"Lakini ni hema."

"Mchana ilikuwa hema."

Ivy akalifikiria jambo hilo. Kisha akamwomba mama yake simu, amwambie Sheryl kwamba wamejenga.

"Bado," Gakenia alisema, akiingiza chandarua chini ya godoro. "Subiri baba yako atoke asubuhi akinyoosha mgongo."