Mtunzi: M.M.

Jumatatu ile kengele ya gwaride iligongwa saa moja na nusu, kama kawaida. Wanafunzi mia sita walijipanga kwa madarasa, wafupi mbele, na mwalimu wa muziki akapanda kijukwaa cha saruji na kipande cha chaki mkononi, maana fimbo ya kuongozea wimbo ilishavunjika zamani. Wimbo wa shule waliuimba vizuri tu. Walipofika kwenye noti ya mwisho, ile do ya chini iliyo ndefu, vinywa mia sita vilifunguka na hakikutoka kitu. Wakavifunga, wakaingia darasani. Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu.

Dakika hiyohiyo, kwenye nyumba ya mwalimu iliyo nyuma ya uwanja, ile do iliingia kwa dirisha la jikoni, sauti zote mia sita kwa pamoja. Vikombe vikatikisika kabatini. Mkewe alishika sufuria ya chai isimwagike, akapunguza redio. Chumbani, binti yao aliyeegemea mito mitatu akashusha pumzi ndefu, kifua kikalegea.

"Mama, do yangu imekuja," alisema.

"Nimeisikia," mama akajibu, akaendelea kuosha vyombo.

Ilikuwa yake kweli, tusidanganyane. Binti huyo alianza kubanwa kifua akiwa na miaka minne. Hewa kuingia iliingia. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi. Baba yake wakati huo alikuwa ameitwa na bendi ya hoteli kubwa akapige kinanda. Hakwenda. Alikaa kitako kando ya kitanda kila alasiri, akamtungia mtoto wimbo wa kupumulia: mstari wa kuvuta pumzi, mstari wa kuishikilia, na mwishoni do moja ndefu ya kuitoa. Bendi ilimngoja wiki mbili ikaajiri mwingine. Watu wakambandika jina la Bwana Do, naye akaitika. Alimwahidi binti kwamba siku wimbo ukiandikwa, utaandikwa ni wa nani na katunga nani.

Miaka tisa baadaye shule ikataka wimbo wake yenyewe. Bwana Do alimwomba binti ruhusa, binti akakubali ilimradi waandike. Basi akaunakili kwa mwandiko wake mzuri, na juu akaweka: Kwa binti yangu. Mtunzi: M.M.

Hapo ndipo alipojimaliza. Kwenye ratiba ya vipindi alikuwa M.M. miaka yote, Mwalimu wa Muziki, kama mwenzake wa hesabu alivyokuwa M.H. Mwalimu mkuu hakuwa na kipindi hata kimoja, kwa hiyo kwenye ratiba hakuwemo. Lakini karani wa ofisi kazi yake barua, siyo vipindi, na kwenye barua M.M. alikuwa mmoja tu. Akachapa kwa kirefu: Mtunzi: Mwalimu Mkuu. Ile "Kwa binti yangu" aliiacha ilivyo, kwani mwalimu mkuu naye alikuwa na binti, mzima kabisa, anasoma ng'ambo.

Karatasi ilibandikwa Ijumaa. Jumatatu do ikahama.

Roho ilimuuma Bwana Do mpaka akashindwa kula. Mkewe akamwambia aende ofisini leo leo. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akampa kiti, akamuuliza hali ya mtoto, akamkumbusha kuwa nyumba ile ya shule iko hatua chache tu kutoka zahanati, na kwamba wapo walimu watatu wanaoiomba. Kisha akaivuta karatasi.

"Imeshakwenda idarani, mwalimu. Na mimi si M.M.?"

Bwana Do alikuja na maneno mengi. Akaifikiria ile mito mitatu, akayameza yote.

"Ni wewe pia," alisema.

Alipewa siku kumi arudishe ile do kabla majaji wa mashindano ya nyimbo za shule hawajafika. Alijitahidi. Aliwaimbisha darasa moja moja, akawapandisha, akawashusha. Re ilitoka, ti ilitoka. Do ya mwisho, kila walipofungua vinywa, ilikwenda zake nyumbani.

Majaji walikuja, wakasikiliza, wakafika kwenye kimya. Mwenyekiti wao alivua miwani akajifuta macho. Alisema hajapata kukutana na mtunzi mwenye ujasiri wa kumwachia msikilizaji mwisho wa wimbo. Mwalimu mkuu alipokea cheti, akaeleza kwamba kimya kile kilimjia akimtazama binti yake amelala. Walimu wakapiga makofi. Bwana Do naye akapiga.

Tangu hapo kimya kikawa sehemu ya wimbo, na kukifundisha ni kazi yake. "Hapa mnafungua vinywa, mnahesabu nne, mnafunga," huwaambia wanafunzi wapya, nao huandika.

Wiki ya pili baada ya cheti ikaja barua nyumbani. Ilisema kuna kelele zinazosikika kutoka nyumba ya mwalimu wakati wa kimya cha wimbo, zinawaharibia wageni usikivu. Madirisha yafungwe kuanzia saa moja na nusu hadi gwaride litakapotawanyika. Chini ilitiwa sahihi: M.M.

Kesho yake mama mtu alifunga madirisha yote, akaziba upenyo wa mlango kwa taulo. Do ilifika ikakuta pamefungwa, ikangoja nje ya jikoni. Binti alikuwa ameshavuta pumzi na kuishikilia, kama alivyofundishwa. Mama alisimama mkono ukiwa kwenye komeo la dirisha, akisikilizia kengele ya kutawanyika.

Kule kijukwaani Bwana Do alihesabu nne, akashusha chaki, akaitazama nyumba yake ng'ambo ya uwanja. Mwalimu mkuu akapanda na karatasi yake. Matangazo ya siku hiyo yalikuwa saba.